Mlio wa Bibi Pimbi

Palikuwa na Pimbi, mlinzi wa jabali, aliyebuni mbinja fupi ya kuwaonya wenzake tai akija. Vijana waliipenda. Bibi yake alibaki akiota jua hata mbinja ilipolia. Masikio yake yalijua mlio mrefu wa zamani tu.

"Bibi, dunia imebadilika."

"Na masikio yangu je, mjukuu wangu?"

Basi Pimbi akawa anapiga mbinja, kisha anamalizia kwa ule mlio uliomkuza. Vijana walimcheka, ila aliwafunza yote mawili.

Bibi akafa, Pimbi akazeeka. Mlinzi mpya akaanzisha kugonga mwamba kwa mguu. Siku tai alipotokea, aligonga. Wote wakakimbia, Pimbi akabaki anasinzia juani. Ndipo mlinzi akamalizia kwa mlio mrefu, kama alivyofunzwa.

Pimbi akachupa pangoni, akitweta.

"Kumbe, Bibi," akasema, "nilikuwa najiwekea akiba mwenyewe."