Kalamu ya Shaba Ngomeni

"Bonyeza, mwanangu! Unaigusa kama unaogopa kuungua," Rozália alisema, akakikandamiza kiganja cha binti yake kwenye kalamu ya shaba.

Sanamu ya mwandishi mmoja wa kale, asiyeonekana uso, imekaa mbele ya ngome, katika bustani kubwa ya jiji la Budapest, na kila mwenye mtihani huenda kuigusa kalamu yake apate bahati. Villő alikuwa na mtihani wa Kijerumani. Akifaulu tu, hospitali moja ya Vienna ingemwajiri kama muuguzi. Mama akafumba macho, akaomba kwa kunong'ona mpaka jasho likamtoka.

Villő akafeli. Jioni mama akampikia chapati nyepesi za jamu ya aprikoti, kumfuta machozi.

Hapo miti ilikuwa inachanua. Kiangazi wakarudi, watu wakipiga makasia bwawani chini ya minara. Akafeli tena, akala chapati tena. Majani yalipoanza kuoza kwenye ngazi za ngome, muuza mikate ya sukari aliwaona akacheka.

"Mama, ninyi tena? Mtaimaliza hiyo kalamu!"

"Na wewe utaumaliza huo mdomo," Rozália alimjibu, mikono yote miwili ikiwa bado imeing'ang'ania kalamu.

Villő alichoka. Alichoka na vitenzi vya Kijerumani, alichoka na zamu za usiku wodini, alichoka hata na ile minara iliyokuwa ikimtazama kila akija kujipa moyo.

"Mama, tuache tu."

"Tuache vipi? Mimi sijachoka kukuombea."

Baridi ikaingia, bwawa likaganda, watoto wakawa wanateleza juu yake. Asubuhi ya mtihani Rozália aliamka na homa kali.

"Nipe koti langu!"

"Huendi popote, mama. Utaanguka kwenye barafu."

"Basi na wewe usiende huko peke yako. Nakusihi!"

Villő alikwenda. Aliigusa kalamu kwa kidole kimoja, hakuomba lolote, akaenda zake kwenye mtihani.

Siku ya matokeo alimkuta mama jikoni, unga wa chapati umeshakorogwa.

"Mama, nimefaulu!"

Mwiko ukatulia bakulini. Rozália akaketi taratibu, macho yamemjaa machozi.

"Mara moja tu," alisema. "Mara moja tu nimeugua, akakosekana mtu wa kukuombea ufeli."