Boti ya Mzee Awadhi

Hussein alikuwa anakikata kwa msumeno kiti cha katikati cha boti ya marehemu baba yao pale dada yake, Rukaya, alipoingia uani bila hodi. Kiti chenyewe hakikuwa na ubovu wowote. Kilikuwa ubao wa mvule, mgumu, na ndicho Rukaya alichokuwa anakalishwa utotoni wakivuka Mto Pangani kwenda shamba.

"Shikamoo kaka. Sasa hicho unakivunjia nini?"

"Marahaba. Nataka nafasi."

"Nafasi ya nini?"

Hussein akapuliza unga wa mbao kwenye meno ya msumeno. "Mama ndiye aliyetaka," akasema, akaendelea kukata.

Jibu hilo halikumwingia Rukaya hata kidogo. Yeye aliolewa Handeni mjini, na hapa kwao Masuguru alikuwa anafika mara mojamoja, lakini Mungu alimjalia pua: jambo ukimficha, atalinusa tu. Na hili lilikuwa linanuka. Mzee Awadhi alipofariki walikwenda kumzika ng'ambo ya mto, kwenye makaburi ya ukoo. Ilikuwa masika. Lori likazunguka njia ndefu, likazama matopeni, na maiti ikalala njiani. Wakati huo boti ilikuwa bandani, injini imekufa, na Hussein hakuigusa hata kwa kidole. Leo hii, baada ya miaka yote hiyo, ndiyo mapenzi yamemjia?

"Anaiuza," Rukaya akajisemea. Wavuvi wa kule bwawani wanapenda boti yenye nafasi ya nyavu, nani asiyejua? Shamba lilishagawanywa, ng'ombe walishakwisha. Boti ndiyo ilikuwa kitu pekee cha baba kilichobaki, na mama, maskini, alikuwa ametiwa maneno matamu. Rukaya akampigia mumewe simu kumwomba ruhusa, akabaki.

Aliyoyaona yalizidi kumchoma. Hussein na mama walikuwa wanaondoka na bajaji asubuhi, eti wanafuata spea. Mama huyu, ambaye hata balbu hajawahi kuibadilisha, spea za boti anazijulia wapi? Wakirudi, mama alikuwa amekumbatia mfuko mweusi, akipita nao moja kwa moja hadi chumbani.

"Nikupokee, mama?"

"Acha mwanangu. Ni nati tu hizi."

Nati za boti, chumbani! Halafu mama akajilaza mpaka jioni. Ugali ulipoiva, akamega tonge moja, akanawa. Nguo zilikuwa zinampwaya siku hizi. Rukaya aliyaona yote hayo, akajua dhamiri inamsuta: mtu hawezi kukubali kuuza boti ya mumewe halafu chakula kikapita kooni.

Ndipo akaja mnunuzi. Alikuwa mzee wa ng'ambo aliyeitwa Mbwana, kanzu imefuliwa vizuri, mkononi ufito mrefu. Rukaya akamwamkia, akampelekea maji ya kunywa.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ndiye wewe Rukaya? Mama yako anakutaja sana." Akamtazama kwa huruma. Rukaya akaichukia huruma ile. Mtu anakuja kukubebea mali ya baba yako, halafu anakuonea huruma!

Akajibanza jikoni, jicho kwenye upenyo wa mlango. Mzee Mbwana hakuitazama injini, wala hakugonga mbao kusikiliza kama zimeoza. Aliuinamisha ufito wake ndani ya boti, pale kiti kilipokuwa, akapima urefu, kisha akapima upana.

"Pembeni watakaa wangapi?" akauliza.

"Wanne," Hussein akajibu.

"Wanatosha. Kalafati ya kuziba maungio je, haitavujisha maji?"

"Haivuji hata tone. Nimeijaribu mtoni."

"Basi muwahi. Mvua za milimani zimeshaanza, nimesikia Vugiri kunanyesha."

Hakutaja bei. Mjanja huyo, Rukaya akawaza, hataki kuonyesha hamu. Mzee aliponyanyuka kuondoka, Hussein akamshika mkono kwa mikono yake miwili, hakuuachia upesi. Basi, biashara imekwisha.

Rukaya hakungoja kanzu ipotee kwenye kona. Akatoka jikoni mwiko ungali mkononi.

"Kikulacho ki nguoni mwako! Baba alilala kwenye matope kwa uzembe wako, Hussein, na leo unaiuza boti yake mchana kweupe? Ungeniambia tu! Mimi si mtoto wa nyumba hii?"

Hussein akamtazama. Macho yalikuwa yamemwiva. Akamgeukia mama yao, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda kibarazani, na mama akamtikisia kichwa.

"Nani kakwambia inauzwa?" mama akauliza.

"Sasa yule mzee na ufito wake alikuwa anapima nini? Mama, usinifiche! Nimechoka kufichwa!"

Rukaya alikuwa analia sasa, na hakujali nani anamwona. Mama akainuka taratibu, akashika bega la Hussein, akauvuka ubavu wa boti, mguu mmoja, halafu wa pili. Akatandika kanga moja pale kilipokatwa kiti. Akajilaza chali, akanyoosha miguu, na kanga ya pili akajifunika mpaka usoni.

"Jeneza litaenea," akasema kutoka ndani ya kanga. "Ila hilo tangi la petroli, Hussein, lisogeze. Wabebaji wasije wakajikwaa."