Modest wa Dirisha la Pili

Josepha aliiacha foleni ya dirisha la kwanza, ingawa wenzake wa Kwihara walikuwa wamemwekea nafasi, akaenda kusimama peke yake kwenye dirisha la pili. Wanawake wakatazamana. Dirisha la pili lilikuwa la marehemu.

Ulikuwa mwaka wa Operesheni Vijiji. Watu walikuwa wakihamishwa kutoka mashambani kwao, na dirisha la kwanza la ofisi ile ya Tabora liliandikisha walio hai: nani anakwenda kijiji kipya, na akina nani wa nyumba yake. Kila dirisha lilikuwa na karani wake na rafu yake ya majalada, na katikati ukuta. Jina moja lingeweza kukaa pande zote mbili. Karani wa huku hakujua ya kule, wala hakuona sababu ya kuuliza.

Bwana Eustace wa dirisha la pili alikuwa na tabia iliyojulikana mji mzima. Hakumngoja mtu amalize kusema. Ukitaja nusu ya jina, yeye hudakia nusu iliyobaki kutoka kwenye rafu yake, na ole wako umsahihishe! Watu walimcheka pembeni. Mbele yake walikuwa wapole kama kondoo.

"Shikamoo, bwana karani."

"Marahaba. Jina la marehemu?"

"Modest Ma..."

"Masolwa!" Mkono wa Eustace ulikuwa tayari rafuni. "Ninaye huyo mmoja tu. Aliyegongwa na treni Usoke, masika haya haya. Kumbe ameacha mjane! Pole sana, mama. Pole sana."

Josepha akajifunika uso kwa khanga.

"Nipe karatasi, bwana," alisema kwa shida. "Mgambo hawaamini machozi tena."

Hilo Eustace alilijua. Mgambo walioezua nyumba walikuwa vijana wa huku huku, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kugusa paa la nyumba yenye matanga. Nani anataka kujitafutia balaa? Akina mama walipoligundua hilo, Kwihara nzima ikaanza kulia, hata waliofiwa na bibi zao zamani za Mjerumani. Ndipo kiongozi wa mgambo akatangaza kwamba bila mhuri hakuna msiba.

Eustace akaupiga mhuri kwa huruma, akaupiga tena kwa kuwa wa kwanza haukukolea.

Josepha alirudi kwake kwa miguu, karatasi ameificha kifuani. Nyumba ile aliikandika mwenyewe, mimba ya mtoto wa kwanza ikiwa tumboni. Nyuma yake mihogo ilikuwa imeshiba, imebaki kuvunwa tu. Aiache ioze, akalale chini ya turubai porini kwa sababu mtu fulani amechora mstari kwenye ramani? Thubutu!

Asubuhi lori likaja. Vijana wakashusha ngazi, wakaiegemeza ukutani. Josepha alikuwa amekaa mkekani mbele ya mlango, amejifunga kaniki, hajachana nywele.

"Mama, toa vyombo," kiongozi wao alisema. "Tunaezua."

Josepha hakuinuka.

"Au na wewe una matanga?" Vijana wakacheka.

Akamnyooshea karatasi. Kiongozi aliisoma taratibu, akautazama mhuri, kicheko kikamwishia. Akavua kofia.

"Pole, mama. Mbona sioni waombolezaji?"

"Mmewahamisha."

Kijana aliyekuwa ameshapanda ngazi akashuka bila kuambiwa. Kiongozi akakohoa kidogo.

"Kaburi liko wapi?"

"Treni ilimgonga Usoke. Usoke wakamzika."

"Basi tutarudi matanga yakiisha."

"Mtarudi mihogo ikiisha," Josepha alisema, akimkazia macho. "Na ngazi yenu msiiache hapa. Sitaki kuiona."

Wakaibeba ngazi yao. Hakuna aliyegeuka nyuma. Walipanda lori haraka haraka, nusura wamwache mwenzao mmoja.

Josepha alingoja mpaka mngurumo ulipopotea kabisa upande wa mjini. Kisha akaingia ndani, akatia komeo, akapakua ugali na mlenda, akainua uso kutazama darini, kwenye magunia ya mtama.

"Shuka ule, Modest," alisema. "Na hicho kikohozi chako ukimeze. Marehemu hakohoi."