Mapaja ya Sungura

Mtoto wa Nungunungu alikuwa bado hajafikia umri wa shule, na mama yake alitafuta mlezi wa kumwachia aendapo kuchimba mihogo. Kwa Paka mama hakukaa.

"Kucha zote hizo, bibi wee! Si utamchubua mwanangu?"

Akamchagua Sungura kwa ulaini wa mapaja yake.

Jioni alimkuta Sungura amempakata mtoto aliyelala, manyoya yamelowa damu, miiba imemzama mapajani.

"Mbona hukumlaza chini?"

"Nikimlaza analia, mama."

Nungunungu alikuwa amewauliza walezi wote habari za kucha na meno yao. Habari za miiba ya mwanawe hakumwambia hata mmoja. Akainama kuichomoa, macho hayainuki.

"Taratibu, mama," Sungura alinong'ona. "Usije ukamwamsha."