Jeneza la Mninga

"Msimguse kwanza!" Bibi Ruth alisema, akajikongoja hadi ukingoni mwa shimo.

Barabara ilikuwa inapanuliwa, na kaburi la baba yake lilikuwa njiani. Wachimbaji walikuwa wameifikia mifupa. Marehemu hakuwa na jeneza. Alikuwa amelalia ubavu wa kulia, fuvu limeelekea mlimani.

"Anaitazama Kibo," alisema Calvin, mjukuu wa Bibi Ruth. "Wazee wa zamani bwana!"

"Alizikwa na rafiki zake wa biashara," Bibi alisema polepole. "Mimi nilikuwa bwenini, shule ya misheni. Nilipofika, walishamaliza."

"Ona sasa, hata jeneza alikosa! Leo tunamfutia aibu, Bibi."

Kando yake palikuwa na jeneza dogo la mninga, lenye msalaba wa shaba kwenye kifuniko. Calvin alilifuata mwenyewe mjini Bomang'ombe.

Bibi Ruth alikwenda mpakani mwa kihamba, shamba la migomba la ukoo, akakata jani la isale, akamletea Calvin kwa mikono miwili. Mlimani, mtu akikuomba kwa isale, humnyimi.

"Mjukuu wangu, tumlaze hapa nyuma ya migomba. Vilevile alivyolala. Bila sanduku."

Calvin alilitazama jani, halafu akamtazama mchungaji aliyekuja na kwaya kuongoza ibada. "Bibi! Mzee wa kanisa mzima, leo unatuletea mizimu?"

Watu wakacheka. Mchungaji naye akatabasamu.

"Bibi, wewe ndiye ulitufundisha shule ya Jumapili sisi wote," alisema. "Usiogope maneno ya wazee. Tutamlaza kwenye makaburi ya kanisa, pamoja na wenzake."

Bibi Ruth alifungua mdomo. Akawatazama wanawe, wajukuu, na wanakwaya waliovaa sare alizowashonea mwenyewe. Akaufunga.

Mifupa ikakusanywa, mmojammoja. Kifuniko kikapigiliwa misumari. Kila nyundo ilipogonga, alifumba macho.

"Niacheni naye kidogo," aliomba.

Hilo hawakumnyima. Walirudi nyuma kwa heshima, na kwaya ikaanza kuimba taratibu.

Bibi Ruth alipiga magoti, akainama mpaka midomo yake ikagusa mbao.

"Baba," alinong'ona, "ni mimi, Mwanaidi. Nimeshindwa kuwaambia. Hapa wananijua kwa jina la shule tu."