Sahihi ya Shahidi

Bi Mwatime aliomba apigie kura nyumbani kwa sababu miguu yake haikuweza tena kupanga foleni. Karatasi ilipofika kwa posta, alimchagua mtu wake, akaitia ndani ya bahasha. Ndipo alipoona nyuma ya bahasha mahali pa sahihi mbili: yake na ya shahidi. Bila shahidi, kura haihesabiwi.

Akaanza kuwafikiria watu. Dada yake alishafariki. Shoga yake alihamia kwa wanawe, mbali sana. Baada ya hao hakumpata mwingine.

Mwishowe alijikongoja hadi mlango wa jirani, ambao kwa miaka sita hakuwahi kuugonga, akapiga hodi. Akafungua mzee mwenye miwani, vifungo vya shati vimepishana.

“Samahani, baba. Natafuta mtu wa kuniona nikitia sahihi.”

“Karibu ndani, mama. Mimi naitwa Kizito.”

Kizito alimtazama Bi Mwatime akiandika jina lake polepole, kisha akapokea kalamu, akasita.

“Wanauliza nakufahamu tangu lini.”

Bi Mwatime aliona haya. “Andika leo.”

“Leo?” Kizito akatikisa kichwa. “Kila asubuhi naisikia redio yako. Ikichelewa, nasimama pale ukutani mpaka iwake.”

Akaandika: miaka sita.

Bahasha ilikuwa tayari, na sanduku la posta liko ng’ambo ya barabara tu, lakini Bi Mwatime hakuinuka. Jikoni, Kizito alikuwa akifungua kabati moja baada ya jingine, akitafuta kikombe cha pili.