Wimbo wa Baba Ulibaki Mara Moja

Jamani, mnajua hedifoni zetu: wimbo ukicheza mara mia, unafutika. Hata sekunde moja inahesabiwa. Mama alikuwa amebakiza mara moja tu wimbo wa marehemu Baba, aliojirekodi mwenyewe akiimba, na alikuwa anautunza kwa ajili ya harusi ya dada Zuhura. Upande mmoja wa hedifoni ukakata sauti. Nikachomelea waya, halafu kwa mazoea yetu mafundi nikabonyeza kujaribu. Baba akaimba neno moja, kimya.

“Umejaribia wimbo gani?” Mama akauliza.

Nikakimbilia kabatini, nikakitoa ki-MP3 cha Baba, cha enzi zile hakuna kuhesabu. Betri imevimba kama andazi! Kwenye grupu letu la mafundi la kubadilishana vifaa, Chande ndiye pekee mwenye betri ya aina hiyo.

“Nataka vi-MP3 vyako vyote vitano,” akasema.

“Kaka, huo si unyang’anyi?”

“Basi kamwombe mama yako msamaha.”

Nilivitengeneza miaka mitatu vile. Nikampa vyote. Usiku huohuo kikawaka, na Baba yumo!

Mama akavaa hedifoni za zamani za ki-MP3 hicho, machozi yakamlengalenga. “Zimebaki mara ngapi?”

“Hakihesabu, Mama. Sikiliza utakavyo.”

Harusi ilikuwa jana. Zuhura alisimama mlangoni na shela lake, magari yanapiga honi. “Mama, twende basi!”

Mama, kitandani, akainua kidole bila kufumbua macho. “Ngojeni kidogo, nimalizie huu.”

Tukaenda bila yeye, tumerudi. Kidole bado kiko juu.